Mafuta ya jua pangoni: ni nini hasa kinachobaki majini?

Msimu wa kaskazi uliopita nilisimama kwenye mdomo wa pango moja la Kusini Unguja, mahali ambapo siku hizi wageni hulipa kiingilio wakateremka ngazi kwenda kuogelea kwenye maji matamu. Kijana wa zamu alikuwa amemzuia mgeni mmoja asishuke. Mgeni ameshika chupa yake, anamwonyesha picha ya kasa iliyochapwa ubavuni pamoja na maneno ya kuhakikisha kwamba mafuta yale hayadhuru matumbawe. Kijana naye anamwonyesha kibao: haruhusiwi mtu kuingia majini akiwa amejipaka mafuta ya jua. Aliponiona akapumua. "Mwalimu, wewe si unasomesha kemia? Hebu tuamulie. Huyu anasema yake haidhuru."

Sikuweza kumjibu kwa neno moja, na tangu siku ile swali limenifuata. Wiki hiyo hiyo kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaani ilizunguka sauti ya mtu akionya kwamba mafuta ya wazungu yameshatia sumu visima vya pwani, tusinywe maji yake. Siku chache baadaye mama mmoja, ambaye mwanawe ana ualbino, akanivuta pembeni kuniuliza kama aache kumpaka mtoto. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Nikaona jambo hili lielezwe taratibu, tangu mwanzo, kabla halijamdhuru mtu.

Tuanze na maneno yenyewe. Mafuta ya jua, au losheni ya jua kama yanavyoitwa madukani, ni mafuta yanayopakwa ngozini kuzuia miale ya urujuanimno. Hiyo ni ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, lakini ndiyo inayounguza ngozi na, miaka ikipita, kuleta saratani. Ndani ya chupa mna maji, mafuta, manukato, dawa ya kuzuia kuoza, na kiungo kimoja au zaidi chenye kufanya kazi yenyewe. Viungo hivyo nitaviita vichujio, maana vinaikamata miale kama chujio linavyokamata machicha ya nazi.

Vichujio viko vya namna mbili. Kuna kemikali zinazofyonza miale na kuigeuza joto kidogo: oksibenzoni, oktinoksati, oktokrileni, avobenzoni na nyenginezo. Halafu kuna unga laini wa madini, oksidi ya zinki na oksidi ya titani, ule unaomwacha mgeni na uso mweupe kama bibi harusi aliyepakwa liwa. Watu husema unga huu ni kioo tu, unarudisha mwanga ulikotoka. Kwa kweli nao hufyonza sehemu kubwa ya miale, na nitaeleza mbele kwa nini neno "madini" halitoshi kutuliza moyo.

Na ninaposema maji baridi sina maana ya maji ya friji. Ni maji yasiyo ya bahari, ambayo sisi tunayaita matamu: ya kisima, ya chemchem, ya mvua, ya pangoni. Mapango yaliyo karibu na pwani huwa na chumvi kidogo kwa chini, na maji yake hupanda na kushuka wakati wa bamvua, lakini nayo yamo kwenye hadithi hii.

Sasa chukua pilipili mbuzi moja. Ipasue uitie kwenye sufuria kubwa la mchuzi wa harusi, lile linalokorogwa kwa mwiko mrefu kama kasia. Hakuna mwalikwa atakayeijua. Pilipili hiyo hiyo ipasue uitie kwenye kikombe cha uji wa mtoto. Pilipili haikubadilika. Kilichobadilika ni chombo. Bahari ya Paje ni sufuria la harusi, tena linalomwagwa na kujazwa upya mara mbili kila siku kwa kupwa na kujaa. Bwawa la pangoni ni kikombe. Mabishano mengi ya mafuta ya jua yanayotufikia kutoka nje ni ya sufuria, na sisi tunayabeba hivyo hivyo tukayatua kwenye kikombe.

Tupige hesabu kidogo, haina ugumu. Mtu mzima akijipaka mwili mzima kwa kiwango kinachoshauriwa hutumia kama gramu 30. Tuseme mafuta yake yana oksibenzoni asilimia 5 (Marekani huruhusu mpaka 6). Hiyo ni gramu moja na nusu. Makadirio yanayotumiwa sana ni kwamba robo ya kilichopakwa hutoka mtu anapooga, kwa hiyo tunabaki na gramu 0.375 ndani ya maji. Sasa chukua bwawa la pangoni lenye urefu wa mita 10, upana mita 10 na kina cha mita 2: ni lita 200,000, yaani maboza 20 ya maji ya lita 10,000. Gawanya, ukikumbuka kwamba gramu moja ni mikrogramu milioni moja. Kila mwogaji anaacha karibu mikrogramu 2 katika kila lita. Waogaji kumi, mikrogramu 20 hivi. Waogaji thelathini kwa siku, na maji yasiondoke, karibu 60.

Mikrogramu moja kwa lita ni kitu gani? Ni kama tone moja la dawa ya macho ulilolidondosha ndani ya maboza matano yaliyojaa. Ni kidogo, naam. Lakini linganisha na maziwa ya Uswisi, ambako watafiti walipima vichujio hivi mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika ziwa la Zürich na katika kiziwa kidogo cha kuogelea kiitwacho Hüttnersee. Walivikuta, na walivikuta hata ndani ya mafuta ya samaki, lakini majini vilikuwa chini ya mikrogramu moja kwa lita. Vilihesabiwa kwa nanogramu, ambazo elfu moja ndizo zinazofanya mikrogramu moja. Tena kiziwa kidogo kilizidi ziwa kubwa. Bwawa letu la mfano, kwa siku moja ya watalii, limeyapita yote mawili mbali sana. Hesabu yangu ni ya karatasini. Wengi hawajipaki gramu 30, wengine huoga kabla, na maji ya mapango mengi hutembea chini kwa chini. Hata ukiigawa kwa kumi, bado kikombe ni kikombe.

Je, kiasi hicho kinadhuru nani?

Utafiti uliotangaza jambo hili duniani ulikuwa wa baharini. Mwaka 2008 watafiti wa Italia waliandika kwamba mafuta ya jua yaliyafanya matumbawe yapauke. Mwishoni mwa 2015 ukatoka utafiti mwengine ulioonyesha kwamba mabuu ya tumbawe, yakiwekwa kwenye mwanga kwa saa 24, nusu yake hufa oksibenzoni ikifika mikrogramu 139 kwa lita. Kutokana na kazi za namna hiyo, jimbo la Hawaii likapitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia uuzaji wa mafuta yenye oksibenzoni na oktinoksati kuanzia Januari 2021. Nchi ndogo ya Palau ikazuia viungo kumi kuanzia Januari 2020. Kisa cha Palau kinatuhusu zaidi kuliko cha Hawaii, maana kule wana ziwa lililozungukwa na mawe, lenye viwavi vya bahari wasiouma sana, na wageni huogelea kati yao. Mwaka 2017 wanasayansi waliripoti kwamba walikuta mabaki ya mafuta ya jua katika maji ya ziwa lile, kwenye tope lake, na mwilini mwa viwavi wenyewe. Ziwa lile ni la maji ya chumvi, lakini limefungika. Kufungika ndiko kunakotukutanisha nalo.

Upande wa maji baridi tafiti ni chache, na wanaofanyiwa majaribio mara nyingi ni kidudu kidogo kinachoitwa kiroboto maji, chenye ukubwa wa punje ya ufuta. Usimdharau. Yeye hula mimea midogo inayoelea, naye huliwa na vidagaa. Akitoweka, maji hugeuka kijani na samaki hukosa chakula. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, waliwaweka viroboto maji kwenye maji yenye vichujio, avobenzoni, oktokrileni na oksibenzoni zikiwemo. Kwa siku mbili hawakufa. Walipokaa humo zaidi ya wiki mbili, vifo vikaanza. Kwa samaki wa maabara, oksibenzoni imeonekana kuvuruga homoni za uzazi, ila mara nyingi kwa viwango vya mamia ya mikrogramu kwa lita, vikubwa kuliko bwawa letu la mfano.

Kinachosemwa hapo ni kitu cha maana sana kwa mapango. Mgeni mmoja aliyejisahau akaingia amejipaka haui pango. Madhara, kama yapo, yanakuja kwa kurudia: leo thelathini, kesho thelathini, miezi yote ya msimu, kwenye maji yaleyale. Kiroboto maji hana likizo.

Kuna na jambo la giza. Baadhi ya vichujio, avobenzoni na oktinoksati hasa, huvunjika kwa mwanga wa jua. Ziwani juu ya ardhi, jua lenyewe husaidia kusafisha. Pangoni hakuna jua, na kinachoingia hukaa. Lakini giza hilo hilo lina upande wa pili: katika ule utafiti wa mabuu ya tumbawe, yaliyowekwa gizani yalistahimili mpaka mikrogramu 779, zaidi ya mara tano. Mwanga huongeza ukali wa oksibenzoni. Kwa hiyo pangoni sumu inadumu zaidi, na huenda ukali wake ukawa mdogo kuliko juani. Naandika haya ili mtu asije akachukua namba ya matumbawe ya juani akaipachika kwenye pango kama ilivyo, wala asije mwengine akasema giza limemaliza kazi.

Vichujio hivi pia havipendi maji. Vinapenda mafuta. Tazama chai ya maziwa iliyopoa: utando unakaa juu. Ndivyo na haya, sehemu yake huelea juu kama ngozi nyembamba yenye rangi za upinde, hapo hapo wanapokuja kupumua na kula wadudu wa majini. Sehemu nyengine hushikamana na tope la chini. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kuchota maji ya katikati, akayapima, akakuta masafi, na tope likawa limejaa.

Narudi kwa mgeni na kasa wake.

Maneno ya "salama kwa matumbawe" kwenye chupa hayana maana iliyowekwa na sheria katika soko kubwa kama la Marekani. Kila mtengenezaji huyatumia anavyotaka. Mara nyingi maana yake ni kwamba chupa haina oksibenzoni wala oktinoksati, na mahali pake pamewekwa zinki, au kemikali nyengine ambayo haijachunguzwa sana. Na zinki, ingawa tunaila kwenye dagaa na nyama na mwili unaihitaji, majini ni habari nyengine. Oksidi ya zinki huyeyuka kidogo kidogo, na chembe zake zilizoyeyuka ni sumu kali kwa mimea midogo ya maji na kwa kiroboto maji yuleyule. Sheria za Ulaya za kemikali zinaiorodhesha kuwa sumu kali kwa viumbe vya majini. Tena hutiwa nyingi, mpaka asilimia 25 ya mafuta. Rudia hesabu yetu kwa mafuta yenye asilimia 20, na kila mwogaji anaacha zaidi ya mikrogramu 7 kwa lita badala ya 2.

Hapa maumbile yametupa kinga kidogo. Nenda kwenye nyumba yoyote ya pwani ya mashariki inayotumia maji ya kisima, ufunue birika la chai. Ndani utaona ukoko mweupe, mgumu, unaokwangua kwa kisu. Hiyo ni chokaa iliyoyeyuka kutoka kwenye mawe ya matumbawe ambayo kisiwa kimekaa juu yake. Maji yenye chokaa nyingi, tunayoyaita magumu kwa kuwa sabuni haitoi povu, hupunguza makali ya zinki, kwa sababu chokaa na zinki hugombania mlango mmoja wa kuingilia mwilini mwa kiumbe. Hupunguza, hayaondoi. Titani yenyewe haiyeyuki kirahisi. Shida yake inayojulikana ni kwamba ikipigwa na jua majini hutengeneza kemikali zenye kuunguza, kama ile dawa ya kusafishia vidonda inayotoa povu. Gizani hilo halina nguvu.

Kwa hiyo nilimjibu kijana, mgeni akisikiliza: kasa wa kwenye chupa anazungumza habari za bahari, na hata huko hana mamlaka. Hapa ni pangoni. Mgeni akacheka, akaenda bafuni kuoga.

Sasa ile sauti ya WhatsApp ya visima. Kuna chembe ya kweli ndani yake, nayo inastahili kuelezwa vizuri kwa sababu inahusu namna kisiwa chetu kinavyoshika maji.

Unguja haina mito mikubwa. Mvua ikinyesha kwenye ardhi ya maweni, ile ya mawe matupu yenye vitundu kama sifongo inayotanda mashariki na kusini, haitiririki mbali. Inazama. Huko chini inakutana na maji ya bahari yaliyopenya kutoka ufukweni, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi, huelea juu yake kama samli juu ya mchuzi. Samli hiyo ndiyo tunayochota. Mjini tumezoea bomba tangu Sultan Barghash alipovuta maji ya chemchem mpaka Mji Mkongwe miaka ya 1880, na leo Mamlaka ya Maji inasukuma kutoka visima virefu, lakini chanzo ni kilekile: mvua iliyozama. Ukienda ufukweni maji yakiwa yamekupwa, utaona mahali mchanga unabubujika maji matamu. Ni samli ileile inatoka upande wa pili. Pemba magharibi mambo ni tofauti kidogo, kuna vilima, udongo mzito na vijito vya kumwagilia mpunga, kwa hiyo uchafu huchukua njia ndefu zaidi kufika chini.

Kwenye maweni njia ni fupi. Mafuta ya jua hayaishii baharini wala pangoni. Mgeni anarudi hotelini, anaoga, na kilichobaki ngozini kinakwenda na maji ya bafu. Zaidi ya hapo, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionyesha mwaka 2019 na 2020 kwamba vichujio kama oksibenzoni, avobenzoni na oktokrileni huingia kwenye damu ya mtu aliyejipaka. Mamlaka hiyo hiyo ilisisitiza kwamba kuingia kwenye damu si ushahidi wa kudhuru, na ikawataka watu waendelee kujipaka. Lakini kilichoingia hutoka, na sehemu yake hutoka kwa mkojo. Bafu na choo vyote vinakwenda kwenye karo. Karo lililochimbwa kwenye jiwe lenye vitundu, lisilo na mtambo wa kusafisha, ni mlango wa kwenda kwenye samli. Mwaka 2023 tulipokea wageni zaidi ya 600,000, kwenye visiwa ambavyo sensa ya 2022 ilihesabu wenyeji karibu milioni 1.9, na sehemu kubwa ya mahoteli imejipanga kwenye ukanda huohuo wa mawe.

Je, tuache kunywa maji ya visima kwa sababu ya mafuta ya jua? Hapana, na nasema hivi bila kuyumba. Kinachopita kwenye jiwe kutoka karo moja, kikachanganyika na maji ya ardhini, ni kidogo mno kumtia mnywaji sumu. Kinachopita njia hiyohiyo na kinachoua kweli ni kinyesi. Kipindupindu hakihitaji mikrogramu wala hesabu zangu. Aliyeituma ile sauti angewasaidia jirani zake zaidi kama angewaambia wachemshe maji na wapime umbali kati ya karo na kisima. Karo likijengwa vizuri kwa ajili ya kinyesi, na mafuta ya jua yatapata dawa yake humo humo. Vichujio vingi hushikwa na tope la mtambo wa kusafishia maji machafu.

Wapo pia wanaosema jibu ni kurudi kwenye vya asili: mafuta ya nazi, liwa, singo. Navipenda vyote vitatu na vina heshima yake nyumbani. Lakini mafuta ya nazi hayazuii miale kiasi cha kumkinga mtu kwenye jua la mchana la nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na liwa sijaona aliyeipima kwa kazi hiyo. Wala asili haimaanishi kwamba maji yaliyotulia yatafurahi. Mwogaji aliyejipaka mafuta ya nazi akazama pangoni anaacha utando uleule juu ya maji. Bibi yangu alilijua hilo kabla ya kemia. Kwenye pango la kijijini kwao, ambalo lilikuwa kisima na pia mzimu, alituvulisha viatu juu, na haikuruhusiwa kuteremsha sabuni wala kuchovya mwili. Unachota kwa kata, unapanda na ndoo yako, unaoga mbali. Sisi watoto tuliona ni kuogopa mizimu. Leo nikiutazama mwiko ule naona sheria ya maji iliyokamilika.

Kuhusu mwani na matumbawe nitapita haraka, ingawa najua ndiko mazungumzo yanakoishia kila mara. Matumbawe yaliyopauka katika bahari yetu mwaka 1998, 2016 na 2024 yalipauka kwa joto la bahari. Mwani mnene uliowakimbia akina mama wa mashariki umeshindwa zaidi na joto na maradhi yanayofuatana nalo. Mafuta ya jua yanaweza kuongeza uzito mahali penye waogaji wengi na maji yasiyotembea, lakini mtu asimtwishe mgeni mwenye chupa mzigo wa bahari nzima.

Mwaka 2022 Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilitoa ripoti ndefu iliyopitia tafiti hizi zote, za bahari na za maji baridi. Zilitaka serikali yao ifanye tathmini kamili ya hatari ya vichujio kwa viumbe vya majini. Zilitaka pia kitu cha pili, ambacho magazeti hayakukipigia kelele: ichunguzwe binadamu watapatwa na nini wakipunguza kujipaka kwa hofu.

Hapo ndipo namrudia yule mama. Mtoto wake hana rangi ya kumkinga. Kwa mtu mwenye ualbino katika nchi yenye jua kama letu, saratani ya ngozi huja mapema, na wengi wamekufa nayo wakiwa vijana. Ndiyo maana pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta maalumu ya jua yanayogawiwa bure kwa watu wenye ualbino nchini. Nilimwambia hivi: mpake, kila asubuhi na tena mchana, usimruke hata siku moja kwa ajili ya pango wala samaki. Mafuta ya mtoto mmoja anayekwenda skuli yanakauka kwenye shati lake. Hayana kesi na mtu. Mwongezee mikono mirefu na kofia pana, na siku ya kuogelea avae nguo ya kuogelea iliyofunika mabega na mapaja. Wakulima wa mwani wanakaa juani kwa muda wa saa nne mpaka tano, wamejifunga kanga kichwani na kofia ya ukili juu yake. Kitambaa hakiyeyuki majini.

Na kwa mgeni wa pangoni ni hivyo hivyo: chini hakuna jua la kumuunguza, basi mafuta hana haja nayo. Ayapake akishatoka. Akiwa ameshajipaka, ajifute kwanza kwa taulo kavu, kwa sababu mafuta yanakamatwa vizuri zaidi na kitambaa kuliko na maji peke yake, halafu aoge kwa sabuni. Dawa ya mbu nayo ifutwe. Katika rasi ya Yucatán, Meksiko, ambako wana mapango ya maji yanayofanana sana na yetu kwa jiwe na kwa watalii, kuoga kabla ya kuingia ni utaratibu wa kawaida mahali pengi.

Lakini kuna kitu nilikiona siku ile pale pangoni ambacho kibao hakikusema. Bafu la wageni limejengwa hatua kama kumi kutoka kwenye mdomo wa pango, juu ya jiwe tupu. Nilisimama nikafuata povu la mgeni wetu kwa macho. Lilipita chini ya kichaka, likafika kwenye ufa wenye upana wa kiganja, likazama. Nikateremka ngazi. Ukuta wa kushoto, upande wa bafu, ulikuwa unadondosha matone kwa haraka kuliko kuta nyengine, na chini yake maji yalikuwa na utando. Niliweka kidole kwenye tone nikanusa: shampuu.

Nilipanda kumwita kijana. Hakubisha. Alitazama ufa, akatazama mteremko wa ardhi, akaanza kutembea kuelekea upande inakoteremka, akihesabu hatua kwa sauti. Alipofika sitini na kitu alisimama mahali penye mipapai miwili na udongo mwekundu uliokusanyika kwenye shimo la jiwe. Udongo wenye majani yaliyooza hushika mafuta haya vizuri zaidi kuliko jiwe, na migomba hupenda maji ya bafu; nyumba zetu za zamani zilijua. Akaniuliza kama hapo panafaa kupelekwa maji ya bafu. Nikamwambia tuchimbe kwanza tuone udongo una kina gani, kisha alete magunia mengine ya kuongezea. Alikwenda kuazima jembe kwa jirani, akapiga mara nne, mara tano, na jembe likagonga jiwe kwenye kina cha goti.